Pumzi ya Pili Katika Wimbo wa Tatu

Jumanne tarehe 14 Novemba mwaka 1989, saa tisa na dakika ishirini alasiri, Narita Fumie alisikia pumzi ambayo haikuwa yake wala ya mwimbaji.

Alikuwa nyuma ya kaunta akipangusa vikombe. Ilikuwa siku ya ishirini na moja tangu mumewe, Eikichi, afariki. Nje, mvua ya Hirosaki ilikuwa inaanza kugeuka theluji. Ndani mlikuwa na wateja wawili tu, kila mmoja na kahawa yake, wote kimya, kwa sababu katika mkahawa ule watu hawakuzungumza santuri ikipigwa. Wimbo wa tatu ulikuwa unakaribia mwisho. Piano ilinyamaza, besi ikabaki peke yake, na mwimbaji akavuta pumzi kama alivyoivuta siku zote kabla ya mstari wa mwisho. Kisha mtu mwingine akavuta pumzi.

Ilikuwa pumzi ndogo, kama ya mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi. Mwimbaji akaimba mstari wake, wimbo ukaisha.

Fumie aliweka kikombe chini polepole. Santuri ile alikuwa ameisikia karibu kila siku kwa miaka ishirini na minane. Aliijua kama mtu anavyozijua ngazi za nyumba yake gizani. Pumzi ile haikuwamo.

Santuri yenyewe iliitwa *Koti Mlangoni*. Aliyeiimba alikuwa Shiraki Reiko, mwanamke wa Tokyo aliyeanza kwa kuwaimbia askari wa Kimarekani baada ya vita, akatoa santuri tatu, akaacha. Hii ndiyo watu waliyoitunza. Ni nyimbo kumi za mapenzi, zote za mwendo wa pole, zenye piano, besi, na ngoma inayopigwa kwa brashi kana kwamba mtu anafagia chumba cha pili. Sauti ya Shiraki si kubwa, na chini ina mkwaruzo kidogo. Kinachowashika watu ni kuchelewa kwake. Mdundo unapita na yeye bado, kama mtu aliyefika mlangoni akasita kubisha. Halafu neno linaangukia mahali ambapo hukulitazamia, na moyo unalipokea kana kwamba lilikuwa lako tangu mwanzo. Halii wala habembelezi. Anasimulia kuachwa kama mwanamke anayekunja nguo zilizokauka. Na fundi aliyemrekodi hakuzikata pumzi zake. Aliziacha zote, hata ukisikiliza vizuri unahisi umekaa naye kwenye kiti kimoja.

Katika wimbo wa tatu, mwanamke anamwambia mume aliyeondoka kwamba koti lake bado limetundikwa mlangoni. Msikilizaji anadhani atamwomba arudi. Katika mstari wa mwisho anamwomba asije kulichukua, kwa sababu amekwisha zoea kulisalimia.

Eikichi aliinunua santuri ile mwaka wao wa pili wa ndoa. Alimwambia Fumie, "Hii nimeinunua kwa ajili yako. Wimbo wa tatu ni wako." Hakulirudia neno hilo tena maishani, maana hakuwa mtu wa maneno, na Fumie hakuhitaji lirudiwe. Kila siku saa tisa Eikichi mwenyewe aliweka sindano, akasimama kando ya mashine, akafumba macho. Fumie alimtazama toka kaunta na kujiambia kwamba pale alipo, ananifikiria mimi. Kwa hilo alivumilia mengine yote: kukosa mtoto, miguu iliyovimba kwa kusimama, na ukimya wa mume yule.

Miaka ile ya mwanzo mdogo wake Fumie, Kinue, alikuwa akija kuwasaidia kuosha vikombe. Kinue alikuwa na sauti nzuri. Aliweza kumwigiza Shiraki mpaka wateja wakageuza vichwa kuitazama spika. Alikufa kwa homa ya mapafu Februari mwaka 1963, akiwa na miaka ishirini na minne. Majira ya kuchipua yaliyofuata, Eikichi alichonga kwa mikono yake kasha jembamba la mti wa kiri, akaiweka ile santuri humo. Fumie aliona ni heshima anayopewa yeye.

Kwa hiyo Eikichi alipofariki, Fumie alilichukua kasha lile akaliweka kwenye madhabahu ya nyumbani, katika chumba cha nyuma ya mkahawa, kando ya picha yake, kibao chenye jina jipya alilopewa baada ya kufa, na chungu cha mifupa kilichofungwa kitambaa cheupe. Kila asubuhi aliweka wali na maji, akawasha ubani, akaomba. Saa tisa alilitoa kasha, akaipiga santuri, akalirudisha. Alikuwa mwanamke wa ibada tangu utoto. Alijua kwamba marehemu husafiri siku arobaini na tisa kabla ya kupata makao, na kwamba sala ya mke humwangazia njia. Siku ya arobaini na tisa yeye ndiye angesimama mbele ya ndugu wote na kumwombea kwa sauti yake. Hilo ndilo jambo pekee alilokuwa amebakiwa nalo la kumfanyia.

Na kwa desturi ya kwao, chochote kinachowekwa pale madhabahuni hula pamoja na marehemu. Hilo pia alilijua. Hakulifikiria.

Siku zilizofuata pumzi ile ya pili ilirudi, tena kwa urefu zaidi. Fumie alisafisha sindano, akaipangusa santuri kwa kitambaa laini. Wiki ya pili pumzi ikawa na mlio ndani yake, kama mtu anayeutafuta wimbo akiwa amefumba mdomo. Maji ya madhabahuni, aliyoyajaza asubuhi, ilipofika alasiri yalikuwa nusu kikombe, na ukingoni palikuwa na alama ya mdomo. Chumba kilianza kunuka mafuta ya nywele ya zamani, yale ya mbegu za mti wa tsubaki, ambayo wasichana hawayapaki tena.

Na sauti ya Fumie ikaanza kukwaruza.

Mteja wake wa siku zote, Mzee Tsushima, mwalimu mstaafu aliyekalia meza ya dirishani tangu mkahawa ufunguliwe, alimtania. "Mama, miaka yote umetukataza kuongea. Naona sheria imemrudia mwenye duka."

"Kunywa kahawa yako, Mwalimu," Fumie alimjibu. Alilazimika kulisema mara mbili ndipo lisikike.

Daktari alimmulika kooni, akasema ni safi kabisa, ni huzuni tu, apumzike. Alipumzika. Sauti ikazidi kuondoka. Mtawa wa hekalu, Bwana Ryozen, aliyekuja kusoma sala kila siku ya saba, alimwambia asijali, aitikie sala kwa moyo. Lakini Fumie alikwisha ona jambo ambalo hakumwambia yeyote: kila alipopoteza kitu kidogo kooni, kesho yake kitu hicho kilisikika kwenye spika.

Jumanne tarehe 28 Novemba, saa tisa alasiri, theluji ilikuwa imeziba madirisha nusu na mkahawani alikuwamo Tsushima peke yake. Wimbo wa tatu ulipofika mahali pale, ile sauti haikuishia kwenye pumzi. Iliimba. Iliuimba mstari wa mwisho pamoja na Shiraki, neno kwa neno, sauti changa na safi. Fumie alikimbia akainua sindano.

Shiraki alinyamaza. Ile nyingine haikunyamaza.

Santuri ilikuwa imesimama, taa ndogo ya mashine imezimika, spika hazina hata mvumo, na bado wimbo uliendelea, sasa ukitokea nyuma, kwenye chumba cha madhabahu, na Fumie akausogelea mlango kwa sababu miguu yake haikumsikiliza, Tsushima akimfuata nyuma na kofia yake mkononi, akausukuma na kuona kwamba moshi wa ubani aliouwasha mchana haupandi tena juu kama moshi, bali umelala, umenyooka kama uzi, unakwenda kuingia kwenye ufa wa lile kasha tupu la kiri, unavutwa, unavutwa, mpaka ncha ya ubani inang'aa nyekundu kama imepulizwa, kisha unasimama kidogo, kisha unatoka tena polepole kwenye ufa uleule, mweupe, wenye joto, wenye harufu ya mafuta ya nywele, na wimbo ukitoka pamoja nao.

Kasha lilikuwa linapumua.

Tsushima alipiga magoti mkekani. Fumie aliona, katikati ya hofu yake, kwamba mzee yule hakuuliza ni nani anayeimba.

"Mama," alinong'ona, "kesho nitakupeleka Kanagi kwa Bibi Tome. Lichukue na hilo kasha."

Bibi Tome alikuwa kipofu tangu utoto, mmoja wa wanawake wachache waliobaki wanaowaita wafu na kuwapa kinywa chao. Alikaa karibu na jiko la mafuta, shanga ndefu nyeusi mapajani, akala chungwa alilopelekewa huku akilalamika kwamba machungwa ya siku hizi hayana mbegu wala tabia. Tsushima alimweleza kwa niaba ya Fumie, ambaye sasa alikuwa na mnong'ono tu: mume amefariki, siku thelathini na sita.

"Huyo simwiti," alisema Bibi. "Wafu wapya hawaitwi kabla ya siku mia, bado wako njiani. Wala si yeye mliyekuja naye." Alinyoosha mkono. "Nipeni."

Aliligusa kasha kwa vidole, juu, pembeni, chini. Vidole vikasimama chini. Akaanza kusugua shanga na kuimba maneno yake, kwa muda mrefu, mpaka Fumie akadhani mzee amesinzia. Kisha kichwa chake kikainuka, na kutoka kwenye kinywa kile kisicho na meno ikatoka sauti ya msichana.

"Dada," ilisema. "Wali wako mtamu. Kila asubuhi nakula. Maji nakunywa. Uliyemwekea amekwenda zake, na mimi ndiye uliyenilisha."

Fumie alikisogelea kinywa kile.

"Miaka ishirini na sita hakunipa hata tone. Alinifunga humu anisikilizishe wimbo wetu, basi. Kila siku saa tisa. Wewe ndiye uliyenipa nguvu ya kuimba, dada." Sauti ilivuta pumzi, ilikuwa pumzi ileile. "Nirudishie koo langu. La sivyo nitatumia lako."

Bibi Tome aliinama mbele, akakohoa, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Alipokwisha kunywa, aliwaambia walifungue kasha chini.

Tsushima alipenyeza kisu kidogo. Mbao za chini zilikuwa mbili, zilizogundishwa kwa uji wa mchele. Kati yake palikuwa na leso ya kiume, na ndani ya leso mfupa mdogo, umbo lake kama mtu aliyeketi amekutanisha viganja. Ni ule mfupa wa kooni, ambao maiti akishachomwa huwekwa chunguni wa mwisho, juu ya mingine yote.

Fumie aliujua, na aliijua leso. Aliiona tena siku ile ya Februari, sinia la chuma likitolewa tanuruni bado lina joto, ndugu wamelizunguka wawili wawili, kila wawili wakiinua mfupa mmoja kwa vijiti vyao pamoja kama ilivyo ada, na yeye na mumewe wamepewa nafasi ya mwisho, kuinua koo la Kinue. Mfupa haukuonekana. Mhudumu alipekua majivu, akasema kwa upole kwamba wakati mwingine, kwa vijana, huungua wote. Fumie alililia hilo kuliko kifo chenyewe, kwamba mdogo wake amezikwa bila koo lake, naye akiimba vile. Eikichi alimshika begani kumtuliza. Mkono mmoja ulikuwa begani. Mwingine ulikuwa mfukoni.

Bibi Tome alimpa maagizo, naye akayarudia mara tatu ili asikosee. Kabla ya siku ya arobaini na tisa, mfupa urudishwe kaburini kwa wenzake, kwa mkono wa Fumie mwenyewe. "Ukigusa chungu chake, atakurudishia sauti kiasi cha maneno mawili. Mwite: mdogo wangu. Ukimwita, atajua ana kwao, ataenda. Hayo mawili tu, mwanangu. Usiyatumie kwa lingine. Asipoitwa na wa kwao atarudi alikozoea kula."

Ndani ya gari, katikati ya mashamba ya matufaha yaliyofunikwa theluji, Fumie aligeuka. Ilibidi Tsushima asimamishe gari na kuzima injini ili amsikie.

"Mlijua."

Mzee aliushika usukani kwa mikono miwili. "Wateja wa zamani sote tulijua, Mama. Siku zile kuna alasiri ulikuwa unakwenda sokoni saa tisa. Bosi na mdogo wako walisimama pale kwenye mashine, hawasemi kitu. Bosi aliinunua ile santuri kwa sababu yeye ndiye aliyeitaka. Wimbo wa tatu ulikuwa wa..."

"Na mkanyamaza."

"Mkahawa ule sheria yake kimya."

"Miaka ishirini na sita," Fumie alinong'ona, "umekunywa kahawa yangu."

"Ndiyo, Mama," alisema Tsushima, na machozi yakamtoka. Fumie hakumwonea huruma. Alimwambia awashe gari.

Siku zile za katikati hakuweka wali wala maji. Hakuipiga santuri. Aliuweka mfupa ule kwenye droo ya jikoni, na kila alipopita aliusikia unavuta hewa. Alijaribu kusali akakuta kwamba hata moyo wake umekauka. Kumsamehe mume labda angeweza, kwa kuwa mwanamume ni mtoto wa watu. Lakini Kinue alikuwa mtoto wa mgongoni mwake. Baba alipokufa vitani Fumie ndiye aliyemgawia kiazi chake kila jioni, akamwambia ameshiba.

Jumapili tarehe 10 Desemba, saa nne asubuhi, Bwana Ryozen aliwaagiza vijana wawili wa mchonga mawe wakalifungua kaburi la ukoo wa Kudo, wazazi wake Fumie. Theluji ilifika magotini. Chungu cha Kinue kilikuwa kidogo, cha bluu. Mtawa alianza sala. Fumie alipiga magoti, akafungua leso, na alipoushusha mfupa ukagusa udongo wa chungu, alihisi kitu kikifunguka kooni mwake kama mlango ulioganda ukipata joto. Sauti yake ilikuwapo. Aliihisi yote, nzima, imekaa ulimini.

Alijua maneno. Alikuwa ameyarudia njia nzima. Aliangalia chini kwenye giza la chungu, mahali ambapo mifupa yenyewe aliiweka kwa mkono wake akilia, na akaona mashine ya santuri, na saa tisa, na wawili wamesimama wamefumba macho, na yeye yuko sokoni anawachagulia samaki wa jioni, wa watu watatu, akiteua mnono zaidi kwa ajili ya yule mdogo wake mgonjwa, na kinywa chake kikafunguka, na maneno yakatoka makubwa, yakapiga mawe ya makaburi na kurudi.

"Kwa nini?"

Mlango ule kooni ukafungwa.

Bwana Ryozen, ambaye hakuambiwa kuhusu maneno mawili, alimwambia kwa upole kwamba ni vizuri amelia, kulia kunasafisha. Vijana wakarudisha jiwe.

Jumanne tarehe 12 Desemba ilikuwa siku ya arobaini na tisa. Ndugu walijaa hekaluni. Kaka yake Eikichi alitoka Sendai na mkewe, wateja wa zamani walikaa nyuma, Tsushima wa mwisho kabisa. Fumie alikuwa hana sauti kwa siku mbili, wala mnong'ono. Aliwaambia kwa maandishi kwamba atafuata sala kwa midomo tu. Mtawa alipiga ngoma ya mbao, akaanza, na Fumie akafungua kinywa.

Sauti ikatoka.

Ilikuwa changa, safi, yenye joto, nayo ilichelewa kidogo nyuma ya mdundo, hata sala ile ya wafu ikawa tamu mno na watu wakainua vichwa. Fumie alijaribu kufunga mdomo usifungike. Alijaribu kuinuka, na mikono yake ikabaki imekutana kifuani. Mke wa shemeji yake alimwegemea akiwa na machozi. "Wifi," alinong'ona, "kumbe una sauti hivi? Kama ya msichana. Alibahatika shemeji yangu, kuombewa hivi." Nyuma kabisa Mzee Tsushima alikuwa ameweka paji la uso sakafuni, hainuki.

Sauti ile iliimba jina jipya la Eikichi. Iliimba kwa mapenzi, polepole, kama mtu aliyengoja miaka mingi kuruhusiwa kulitaja mbele za watu. Na Fumie, ndani, mahali ambapo koo halifiki, aliomba yake.

Ewe Amida, mwenye kupokea kila anayekuita, nisikie mimi nisiyeweza kukuita. Mpokee Eikichi mume wangu, ambaye alinidanganya maisha yangu yote. Umsamehe pale ambapo mimi bado sijaweza. Na huyu anayekuomba kwa kinywa changu, usimdhanie kuwa ni mimi. Anaitwa Kinue. Ni mdogo wangu. Nimechelewa kumwita, na sasa hakuna anayesikia ila wewe. Ni mdogo wangu. Mshike mkono, umwonyeshe njia, apumzike.